Hisa Moja ya Kuingilia Mlangoni

Mtu akija kwangu na kalamu mfukoni, kwanza namtazama viatu. Kiwandani tulijifunza hivyo: mkaguzi wa kweli huja na vumbi, mwizi huja na kiwi. Siku ile alikuja msichana mwenye koti jeusi la ofisini, kalamu tatu mfukoni, na viatu vya kuazima vilivyomzidi hata akavijazia karatasi kwenye ncha. Nilitaka kufunga mlango. Kisha nikaona anavyotembea, mguu wa kushoto ukitangulia kama unaogopa kuchelewa, nikakumbuka kwamba mwendo huo nilimfundisha mimi, kwenye korido hii hii, akinishika vidole viwili.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Nimepata kazi."

Ni binti wa dada yangu, mwaka wa tatu chuo kikuu. Ukoo mzima unamwita Karani, kwa sababu akiwa na miaka sita aliweka daftari la bembea: nani kapanda, mara ngapi, nani kamrukia mwenzake zamu. Watoto wakigombana walikuwa wanamwendea yeye, si mama zao.

"Kazi gani hiyo na shule hujamaliza?"

"Ushauri wa fedha."

Mke wangu, aliyekuwa kwenye cherehani chumba cha mbele, akasimamisha mguu. Alijua kinachokuja.

"Kaa," nikamwambia mpwa wangu. "Miaka miwili kabla ya mgomo alitujia mtu mwenye mkoba wa ngozi, saa ya chakula. Akatuchorea mstari unaopanda. Akasema ni ushauri tu, haumi. Tukampa fedha miezi kumi na minne. Mwezi wa kumi na tano mstari ukapanda mpaka akapanda nao. Alikuwa na jino la dhahabu. Juu, kushoto."

"Mjomba, wakati huo sikuwa nimezaliwa."

"Ndiyo maana nakukumbusha."

Akasubiri nimalize. Mtoto huyu ana subira ya mwashi. Kisha akaeleza. Kampuni imechukua wanafunzi wanne kwa majaribio. Watabaki wawili, watakaolipiwa mtihani wa leseni na kufanya kazi nusu siku hadi wamalize chuo. Kila mmoja alete mteja wa kweli, mtu aliyekubali kuulizwa kila kitu, amwandikie ushauri, na msimamizi ausome mbele ya mteja mwenyewe. Mwenzake mmoja kamleta baba yake mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mwingine kamleta mama yake mdogo, daktari wa meno.

"Mimi nimezunguka ukoo mzima. Mama anasema hana hela ya kushauriwa. Baba mdogo kaniambia nirudi mwisho wa mwezi, hakusema mwezi gani."

"Kwa hiyo mimi ni wa mwisho."

"Wa mwisho kwa sababu nakuogopa."

"Mimi? Nimekukosea nini?"

"Naogopa hotuba, Mjomba."

Mke wangu akacheka mpaka uzi ukakatika. Hapo nilishindwa. Nikavuta kiti, nikasema haya, toa fomu yako.

Sasa, mimi na fomu tuna historia. Niliwahi kuhojiwa siku tatu mfululizo juu ya karatasi za mgomo nilizozipiga chapa kwa mikono hii, na nilitoka pale bila kutaja hata jina la paka wa jirani. Shule niliiacha darasa la sita. Yote mengine nimejisomea kwenye vitabu vya mitumba, na la kwanza nililojifunza ni hili: mwenye kalamu mpe jina lako, basi.

"Umri?"

"Andika mtu mzima."

"Mjomba."

"Sitini na sita. Kumbe unajua, unaniuliza nini?"

"Wanaokutegemea?"

"Hakuna. Mimi ndiye namtegemea huyo aliye kwenye cherehani."

"Naandika mmoja, mnategemeana. Kipato cha wiki?"

"Inategemea feni na pasi zilizoharibika mtaani."

"Akiba?"

"Hakuna."

"Nyumba? Kiwanja?"

"Nyumba ni hii, nayo ni ya mwenye nyumba."

"Hisa, hati, amana ya aina yoyote?"

Nikapandisha sauti, maana sauti ndiyo silaha yangu ya zamani.

"Mimi? Hisa? Umesahau unaongea na nani?"

Akatabasamu, akaandika "Hana" kwa mwandiko wake ule wa daftari la bembea. Hata hakunitazama mara ya pili. Aliniamini.

Wewe unayesoma, nikwambie nisilomwambia yeye.

Nilichemsha sabuni miaka kumi na tisa. Baada ya mgomo tulifukuzwa watu sitini na watatu. Majina yao ninayo kichwani kwa mpangilio wa zamu. Kila mwezi tulikuwa tumekatwa fedha za uzeeni. Tulipozidai tukaambiwa hesabu zinafungwa. Zinafungwa hadi leo. Mwaka uliofuata kiwanda kikauza hisa kwa umma, na tangazo lake nikalikuta kwenye gazeti lililofungiwa misumari. Chini kabisa, kwa herufi zenye haya, waliandika kwamba mwenye hisa yeyote, hata awe na moja, ana haki ya kuingia mkutano mkuu wa mwaka na kuuliza swali. Nilisoma mara nne. Kisha nikachukua kiinua mgongo kilichobaki, nikanunua hisa mia mbili, nikihofia mwenye moja watamsukuma nje.

Tangu hapo, miaka ishirini na mitatu, mara moja kwa mwaka navaa suti yangu ya harusi. Namuaga mke wangu kwamba naenda kikao cha wastaafu. Naingia ukumbi wenye zulia, nangoja mwenyekiti wa bodi aseme kama kuna maswali, nasimama. "Fedha za uzeeni za watu sitini na watatu ziko wapi?" Wenyeviti watatu wamepita, jibu ni lile lile: "Tumelipokea." Nakaa. Wanakunywa juisi. Narudi nyumbani, na nyumbani kwangu sabuni yao haikanyagi.

Kila mwaka pia huja bahasha nene kwenye sanduku la posta. Nilijua ndani mna gawio, fungu la faida la mwenye hisa. Sikufungua hata moja. Niliona ni jasho la wenzangu limekaushwa na kukunjwa. Nilizitupia kwenye sanduku la bati juu ya kabati, na wenzangu sikuwaambia. Ningewaambia nini? Kwamba kiongozi wao ni bwana mwenye hisa?

Ndiyo hiyo "Hana" yake.

Karani alirudi Jumanne, siku mbili kabla ya kukaguliwa. Kurasa kumi na mbili, zimebanwa kwa pini pembeni. Akatusomea, mimi na mke wangu, kama anayesoma barua iliyotoka mbali.

"'Mteja ni fundi, ana miaka sitini na sita. Haamini kampuni wala ofisi, na ana sababu. Ushauri huu haumtaki aamini kwanza.'"

Nikainamisha kichwa. Miaka yote hii nimeandikwa kwenye mafaili mengi: mchochezi, mkaidi, mtu wa kuangaliwa. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba nina sababu.

Akaendelea. Shabaha ya kwanza ya ushauri ilikuwa macho ya mke wangu. Ana mtoto wa jicho pande zote, la kushoto zaidi. Daktari alishasema apasuliwe, nasi tukasema tukipata. Kila asubuhi, kabla sijashika pasi ya mtu, namtungia sindano ishirini, kila rangi ya uzi na yake, nazichomeka kwenye sifongo kwa mpangilio anaoujua kwa vidole: nyeupe mwanzo, nyeusi mwisho.

"Nimebana kila mahali," Karani akasema. "Mkiweka kila wiki nilichoandika hapa, ni miaka miwili na miezi minne. Haishuki hapo, Mjomba. Nimejaribu."

"Miaka miwili si mingi, mwanangu," mke wangu akasema. "Nitashona kwa kupapasa. Nguo zenyewe siku hizi watu wanavaa kama zimeshonwa kwa kupapasa."

Karani hakucheka. Akafunga kurasa zake. "Alhamisi saa nne, Mjomba, utatia saini ukurasa wa kwanza kwamba yote uliyoniambia ni kweli na kamili. Nami natia chini yako. Faili likikutwa na uongo, natolewa, na leseni sigusi kwa miaka miwili. Nakwambia tu, najua kwako hakuna tatizo."

Alipoondoka mke wangu akaomba sindano ya bluu, ile ya asubuhi imemwishia. Nikashika sindano, nikashika uzi. Haukuingia. Nikaulamba, nikaukata upya, nikajaribu mara sita. Mkono uliochapa karatasi za mgomo gizani ulishindwa na tundu la sindano mchana kweupe.

"Na wewe macho?" akauliza.

"Mimi moyo," nikasema. Akadhani natania.

Alhamisi asubuhi nikavaa suti, nikashusha sanduku la bati.

"Leo si siku ya hiyo suti," mke wangu akasema bila kugeuka.

"Wewe unajua siku yake?"

"Nani anaipiga pasi? Kila mwaka unarudi nayo inanuka juisi ya machungwa na hasira. Mwanzoni nilidhani una mwanamke. Baadaye nikasema, mwanamke wa mara moja kwa mwaka, na mume anarudi amenuna hivi? Huyo hanisumbui, tumwache apate riziki yake."

Nikamweleza yote, nimesimama, sanduku mikononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mguu juu ya cherehani.

"Bahasha ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Nami napapasa," akasema.

Nimepigwa virungu maishani mwangu. Sikumbuki kirungu kilichoingia kama neno lile.

Akanyanyuka, akanitengeneza kola kwa vidole, akatafuta kifungo kwa kugusa, akakifunga. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda kaumbuliwe na mtoto wetu. Afadhali yeye."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu na lifti yake imekufa. Karani alinipokea mlangoni, koti lile lile, akaona sanduku.

"Mjomba, umehama?"

Msimamizi alikuwa mama wa makamo mwenye mvi mbele. Viatu vyake vya kisigino vilikuwa vimesimama pembeni ya meza kama walinzi wawili, miguuni kavaa kandambili. Nilijiandaa kumchukia, na zile kandambili zikaniharibia. Akanisogezea faili na kalamu.

"Mzee, yote uliyomwambia mshauri wako ni kweli na kamili?"

Badala ya kukaa, nikaweka sanduku mezani. Kutu ikamwagikia faili jeupe.

"Kabla hamjamgusa mtoto huyu," nikasema, "nisikilizeni. Mwongo ni mimi."

Nikatoa yote. Hisa, bahasha, suti. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama, nikatoa na yule wa jino la dhahabu, na siku tatu za mahojiano, na herufi zenye haya, na haki ya mfanyakazi kutohukumiwa kwa kosa la mwingine, kifungu na kijifungu. Nikapiga meza. Kiatu kimoja kikaanguka.

"Umemaliza, mzee?" msimamizi akauliza.

"Bado kidogo."

"Endelea."

Katika maisha yangu yote nimeambiwa kaa, nyamaza, toka. Endelea sijawahi kuambiwa. Nikatafuta neno la kuendelea nalo, silioni. Nikakaa.

Msimamizi akafuta kutu kwa kiganja. "Faili hili siwezi kulipokea. Limekufa." Karani akauma mdomo. "Ila hujalitia saini, mzee, wala yeye. Uongo ambao haujatiwa saini ni mazungumzo tu, na mazungumzo hayana adhabu." Akamgeukia mpwa wangu. "Mshauri, una mteja, una sanduku, una chumba hiki hadi saa saba. Sikufichi: wenzako wawili wamefanya vizuri, na nafasi ni mbili." Akatoka, kandambili zikimpigia makofi njia nzima.

Tukabaki wawili. Nilingoja alie. Alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akakunja mikono ya blauzi.

"Nilipunguza sukari ya Anti," akasema. "Kwenye hesabu. Nilikata vijiko vya sukari ya chai yake ili miezi ishuke. Wewe ulikuwa umekaa chini ya sanduku hili, unanitazama."

"Nisamehe, mama."

"Sikusamehe leo. Leo nafanya kazi. Nishikie rula."

Akafungua bahasha moja moja kwa rula, kuanzia ya zamani, akizipanga kwa miaka. Hundi zilikuwa zimepitwa na wakati, lakini akasema gawio halifi, linadaiwa kwa barua. Na hisa hazikuwa tena mia mbili. Mara tatu kampuni iliwagawia wenye hisa nyongeza, kila hisa ikazaa ya pili, na bila kujua nilikuwa nimefika elfu moja na mia sita. Akaandika tarakimu moja kwenye kipande cha karatasi, akanisukumia.

Nikaisoma. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaisoma tena.

"Na macho?"

"Yote mawili. Na inabaki nyingi." Akachukua fomu mpya. "Sasa swali la kumi na tisa: unataka nini? Mara ile ulijibu 'haki duniani kote', nikaacha wazi, msimamizi asione mteja wangu anakejeli."

Safari hii nilijibu. "Nataka Anti yako atunge sindano mwenyewe. Na nataka nijibiwe. Basi."

Akaandika. Kisha akashika vitabu vilivyokuwa ndani ya zile bahasha pamoja na hundi, taarifa za mwaka za kiwanda, akaanza kupekua kwa kidole kama alivyokuwa akipekua daftari la bembea kumtafuta aliyeruka zamu. Kidole kikasimama. Akafungua kitabu cha mwaka mwingine, na mwingine.

"Mjomba. Kila mwaka unauliza ziko wapi?"

"Kila mwaka."

"Nao kila mwaka wamekuandikia ziko wapi." Akanigeuzia. Ukurasa wa arobaini na moja, mstari wa tatu: michango ya uzeeni ya waliokuwa wafanyakazi, isiyodaiwa. Na mbele yake kiasi, mwaka hadi mwaka kikiongezeka.

"Isiyodaiwa?" Nikasimama. "Isiyodaiwa! Nimesimama mbele yao miaka ishirini na mitatu!"

"Umeuliza. Kudai ni barua, na majina, na namba ya ukurasa." Akanitazama kwa huruma, ile ambayo vijana huwa nayo wakigundua mtu mzima ni mtoto. "Jibu lilikuwa juu ya kabati, Mjomba."

Nisiseme nilivyojisikia. Nilikuwa nimekataa kufungua bahasha ya adui kwa heshima, na heshima yangu ikamlindia adui siri.

"Majina unayo?" akauliza.

"Kwa mpangilio wa zamu."

"Nitajie." Nikamtajia sitini na watatu, bila kusita hata mahali pamoja. Akaandika yote.

Ushauri wake mpya ulikuwa kurasa mbili. Uza hisa zote, kwa kuwa mali yote kukaa kwenye kampuni moja ni hatari, na mteja hata sabuni yao hanunui. Lipa upasuaji. Kilichobaki kiwekwe sehemu tatu, alizitaja. Kisha mstari wa mwisho: bakiza hisa moja.

"Moja tu? Watanisukuma nje."

"Moja inatosha kuingia mlangoni. Ulisoma mwenyewe mara nne."

Saa saba msimamizi akasoma amesimama. Palipoandikwa lengo la mteja alirudia kwa sauti: "'Kujibiwa.'" Akaketi, akavaa viatu vyake vya kisigino, kimoja kimoja. "Miaka kumi na minane nasoma malengo. Nyumba, gari, ada. Hili sikuwahi kulikuta."

Nafasi zilikuwa mbili na zikabaki mbili, za wale wenzake. Mpwa wangu alipata nusu: Jumamosi tu, na mtihani wa leseni wamlipie. Mama yake akauliza nusu ya kazi ndiyo kazi gani. Nikamwambia dada yangu, nusu iliyopatikana kwa kusema kweli naijua thamani yake, na nikaanza kueleza kwa nini, naye akasema ana chungu jikoni.

Jumamosi zile tulizunguka. Yeye na faili, mimi na majina. Thelathini na wanane wako hai. Waliobaki tuliwakuta watoto wao. Niliwaambia wote kwamba nina hisa. Nilitegemea matusi. Mzee wa zamu ya usiku, ambaye sasa meno yamemtoka yote, aliniuliza jambo moja tu: "Na juisi yao ni nzuri?"

Jicho la kushoto la mke wangu lilifunguliwa kwanza. Wiki ya mkutano mkuu akaitandika suti yangu mezani kuipiga pasi, akapiga kelele. "Doa hili limekaa hapa miaka mingapi? Nawe unaenda nalo mbele za watu?" Akalisugua, akashona na kifungo kilicholegea. Sindano alitunga mwenyewe, kwa jaribio la kwanza tu, akanionyesha uzi ukining'inia kama mtu anayeonyesha samaki.

Mlangoni mwa ukumbi karani wao akapitisha kidole kwenye orodha, akainua uso.

"Hisa moja, mzee?"

"Moja."

Nikaingia. Zulia lile lile. Mwenyekiti akasema kama kuna maswali, macho yake yakanitafuta kabla sijasimama, maana tumezoeana. Nilikuwa na karatasi mkononi, mwandiko wa daftari la bembea. Mwaka huu mstari ule walikuwa wameuhamishia ukurasa wa hamsini, na mpwa wangu aliufuata huko huko.

"Ukurasa wa hamsini," nikasema, na sikupandisha sauti. "Mstari wa saba. Barua za watu sitini na watatu ziko mezani kwa katibu wako tangu mwezi uliopita, ameziwekea muhuri. Mtalipa lini?"

Akafungua mdomo kwa lile neno lake. Kisha ukumbi mzima ukaanza kufunua kurasa, watu wa suti na mikufu wakilamba vidole, wakitafuta hamsini, na ile sauti ya karatasi ikamzuia. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akavuta kitabu chake, naye akaanza kufunua.

Sikukaa. Nilisubiri afike.